Vitufe vya simu ya mapokezi vinanipotezea wagonjwa. Anayejua kuvipanga anisaidie

#1 Nuru_Mapokezi

Wakuu, habari za jioni.

Nipo mapokezi kwenye kituo cha afya cha binafsi hapa Moshi. Miezi miwili iliyopita tulifungiwa mfumo mpya wa simu. Mezani kwangu ipo Yealink T46S, ile yenye skrini ya rangi na vitufe vitano kila upande wa skrini. Fundi aliyeifunga alijaza majina kwenye vitufe, akanionyesha jinsi ya kupokea na kukata, akaondoka. Tukimpigia sasa hapokei.

Shida zangu ni hizi. Vitufe havinionyeshi chochote. Shoga yangu yuko mapokezi ya hoteli, simu yake inawaka kijani mtu akiwa huru na nyekundu akiwa anaongea. Mimi mpaka nipige ndipo nigundue maabara wako na simu nyingine.

Kubwa zaidi, nikiwa naongea na mgonjwa halafu nikabonyeza DAKTARI ZAMU, mgonjwa ananitoka hapo hapo. Anapelekwa kwa daktari moja kwa moja, na kama daktari yuko wodini simu inalia mpaka inakata yenyewe. Wiki iliyopita mama mmoja alipiga mara tatu, mtoto ana homa kali, na mara zote tatu nilimpoteza kwa namna hiyo. Usiku ule sikupata usingizi.

Halafu majina yamepangwa kwa vyeo. Mkurugenzi wa kwanza, katibu wake wa pili, mhasibu mkuu wa tatu. Maabara, ambao nawatafuta kutwa nzima, wako ukurasa wa tatu.

Naomba msinitume kwa fundi mwingine. Nataka nijue mwenyewe.

#2 FundiWaya

Dada Nuru, pole sana. Yote uliyoandika yanatibika bila kununua kitu.

Nijibu haya kwanza. PABX yenu ni ya aina gani, yaani lile boksi au seva inayoendesha simu zote? Una ruhusa ya kuingia kwenye mipangilio ya simu yako? Na ukikibonyeza kitufe cha maabara ukakishikilia sekunde chache, skrini inakuonyesha nini kwenye mstari wa Type?

#3 Nuru_Mapokezi

Kaka asante kwa kunijibu haraka. Kijana wa kompyuta anasema seva ni FreePBX, iko stoo. Ruhusa mkuu wa utawala amenipa leo, amesema nisiharibu tu.

Nimekishikilia kitufe, imeandika Type: Speed Dial. Chini yake Value: 114, Label: MAABARA. Nimejaribu na vingine, vyote ni hivyo hivyo.

#4 FundiWaya

Hapo ndipo penye tatizo lako la kwanza. Speed Dial inapiga namba tu. Simu yako haijui kabisa kama 114 ni mtu, ni nyumba au ni namba ya mkoa mwingine. Unachokitaka wewe kinaitwa BLF. Ukikipa kitufe aina hiyo, simu inajiandikisha kwa PABX na kusema: nijulishe kila mara hali ya 114 ikibadilika. Kuanzia hapo PABX ndiyo inayokutumia habari na taa inafuata. Kijani imetulia, mtu yuko huru. Nyekundu inayopepesa, simu yake inalia. Nyekundu imetulia, anaongea. Taa imezima kabisa, basi simu yako haijafanikiwa kujiandikisha, au namba hiyo haipo.

Usivibadilishe kimoja kimoja kwenye simu, utachoka. Bonyeza kitufe cha OK simu ikiwa imetulia, utaona namba ya IP. Iandike kwenye brauza ya kompyuta iliyo kwenye mtandao huo huo wa ofisi, uingie. Kama paswedi bado ni ile ya kiwandani, badilisha leo leo, maana kila mtu mwenye intaneti anaijua. Fungua DSSKey, halafu Line Key. Utaona jedwali. Kwenye Type chagua BLF, kwenye Value weka namba ya ekstensheni, yaani namba ya ndani ya mtu huyo, kwenye Label andika jina, kwenye Line chagua akaunti yako ya kwanza. Kuna safu nyingine inaitwa Extension, hiyo ni ya msimbo wa kumpokelea mwenzako simu inayolia mezani kwake. Kwa FreePBX msimbo huo huanza na nyota mbili. Ukiuweka, taa ya famasi ikipepesa na hawapo, unabonyeza kitufe chao na unaipokea wewe. Maliza na Confirm chini kabisa, la sivyo vyote vinapotea.

Sasa hilo la mgonjwa kukutoka. Kitufe hakina kosa. Nenda Features, halafu Transfer, tafuta mstari ulioandikwa Transfer Mode Via Dsskey. Una machaguo matatu. Lako bila shaka liko Blind Transfer: ukibonyeza jina, mpigaji anarushwa huko bila wewe kujua kama kuna mtu. Weka Attended Transfer. Hapo ukibonyeza DAKTARI ZAMU mgonjwa anabaki anasikiliza muziki, wewe unaongea na daktari kwanza, akikubali unabonyeza kitufe cha kuhamisha. Asipopokea unakata upande wake na kumrudia mgonjwa wako. Yupo pale pale.

Mimi nimefunga simu za ofisi kwa miaka mingi, na nasema kwa moyo wangu wote: mahali popote panapopigiwa na wagonjwa, Blind Transfer isiwekwe kwenye simu ya mapokezi. Duka la vipuri sawa. Hospitali hapana.

#5 Nuru_Mapokezi

Kaka!! Nimebadilisha hiyo ya Transfer sasa hivi, nikampa mwenzangu simu yangu ya mkononi apige akijifanya mgonjwa. Daktari hakupokea, nikakata upande wake, nikamkuta mwenzangu bado yupo na muziki wake. Nimeshukuru mpaka machozi yamenilenga.

Taa nazo kumi na moja zimewaka. Bado naendelea.

#6 Mtandao_Kaskazini

FundiWaya ameeleza vizuri, niongeze jambo moja. Simu hiyo ina vitufe kumi vinavyoshikika, lakini inabeba kazi 27 kwa kurasa tatu, tisa kila ukurasa, kitufe cha kumi kinabaki cha kufungulia ukurasa. Kwa hiyo kwa jicho unaona watu tisa tu kwa wakati mmoja. Kwenye ukurasa ule ule wa Line Key kuna kiboksi cha Enable Page Tips, kiwashe. Hapo simu inakudokezea ikiwa kuna mtu wa ukurasa mwingine ambaye hali yake imebadilika.

Kama bajeti ipo, waambie wanunue moduli ya pembeni, EXP40. Ina vitufe 20 kwa kurasa mbili, jumla 40.

Kuhusu mpangilio, mimi huwa napanga kwa jengo. Ghorofa ya chini upande wa kushoto, ya juu upande wa kulia. Mtu akihama kazi mpangilio haubadiliki.

#7 FundiWaya

Mkuu, kwenye ofisi ya serikali yenye ghorofa sita ningekubaliana nawe. Kwa dada Nuru sikubali. Kituo chao ni cha chini tu naona, na yeye hatafuti chumba, anatafuta mtu mwenye jibu.

Dada, usibadilishe mpangilio leo. Chukua karatasi, andika majina yote, na kila unapohamisha simu weka kijistari mbele ya jina. Fanya siku mbili, moja iwe Jumatatu. Wale tisa wenye vijistari vingi ndio ukurasa wako wa kwanza, awe mkurugenzi yumo au hayumo. Na yule unayemtafuta kwa haraka ya kufa na kupona, hata kama ni mara moja kwa wiki, apewe kona. Kona ya juu kushoto au ya chini kushoto. Kidole kinaipata kona bila jicho.

Ukishapanga, usihamishe tena. Mikono inajifunza ndani ya wiki moja, na ukiichanganya ndipo simu zinapokwenda kusikostahili.

#8 Bibi_Karani

Nimekaa mapokezi na kwenye suichibodi tangu enzi za kuchomeka nyaya kwa mkono, namuunga mkono FundiWaya kwa hili la karatasi. Ofisi yetu walipoleta simu mpya mafundi walipanga wao, wakiwa wamesimama, dakika ishirini. Hakuna hata mmoja aliyeketi kwenye kiti changu akapokea simu tatu zinazolia pamoja. Mwanangu Nuru, hicho kiti ni chako, panga wewe.

Na majina yaandike kwa Kiswahili, mafupi. DAWA badala ya FAMASI KUU YA NDANI. Skrini haina nafasi, na asubuhi ya Jumatatu hakuna anayesoma maneno manne.

#9 Stoo_Tanga

Samahani kuingilia uzi. Sisi bado tuna Panasonic ya zamani, KX-TES824, na simu ya mezani KX-T7730. Na huku inawezekana kuweka vitufe vya watu? Kuna vitufe kumi na viwili vimekaa bure.

#10 FundiWaya

Inawezekana kabisa, tena bila kompyuta. Simu ikiwa imetulia bonyeza PROGRAM, halafu 99. Bonyeza kitufe unachotaka kukitumia, bonyeza 1, andika namba ya ekstensheni, mfano 105, maliza na STORE. Hicho kimekuwa kitufe cha mtu na taa yake. Ukitaka kiwe cha kupiga namba ya nje, badala ya 1 anza na 2, kisha namba nzima pamoja na 9 ya kutokea nje kama ndivyo mlivyowekewa. Ukimaliza bonyeza PROGRAM kutoka.

Ila usivile vyote. Kati ya hivyo kumi na viwili, vile vya mwanzo kwa kawaida ndivyo vya laini zenu za nje. Boksi hilo linaanza na laini tatu na simu nane, likiongezwa kadi linafika laini nane na simu 24. Angalia mna laini ngapi, uviache hivyo.

Na kama skrini haionyeshi kitu wala taa haziwaki, kagua waya. Simu hiyo inatumia nyaya nne: jozi moja ya sauti, jozi ya pili ya data ya skrini na vitufe. Waya mmoja ukikatika kwenye dari utadhani simu imekufa.

#11 Stoo_Tanga

Imekubali mkuu. Shukrani sana. Panya walikuwa wamekula jozi ya pili.

#12 Nuru_Mapokezi

Wakuu nimerudi. Nimehesabu siku tatu badala ya mbili. Maabara wameongoza kwa mbali, wakafuata dawa, daktari wa zamu, bima, kisha wodi ya wazazi. Mkurugenzi alipata kijistari kimoja. Nilimpelekea karatasi mwenyewe ofisini kwake, nikamwambia naomba nikupeleke ukurasa wa pili, akaiangalia akasema sawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, hata sikuyahitaji.

Wodi ya wazazi nimeipa kona ya juu kushoto.

Lakini kuna jambo limenitisha. Jana usiku umeme ulikatika, leo asubuhi taa zote zimezima. Simu inapiga na kupokea vizuri. Baada ya muda zikarudi zenyewe. Nimeharibu kitu?

#13 Mtandao_Kaskazini

Hujaharibu. Niambie, umeme ukikatika simu yako inazima?

#14 Nuru_Mapokezi

Haizimi. Kuna UPS kwenye kabati la mtandao.

#15 Mtandao_Kaskazini

Na seva iko stoo, haina UPS. Basi ni hivyo. Seva ilizima na kuwaka, ikasahau ni nani aliomba kujulishwa nini. Simu yako haikuzima, kwa hiyo inaamini bado imeandikishwa, na itaomba upya muda wake ukifika. Kwenye Yealink muda huo umewekwa sekunde 1800, yaani nusu saa. Ndiyo maana zilirudi bila mtu kugusa.

Dawa ya haraka, izime simu na kuiwasha, itajiandikisha upya. Dawa ya kudumu, seva ipate UPS. Ya katikati, ingia Account, halafu Advanced, tafuta muda wa BLF uupunguze uwe 300. Usiushushe zaidi bila sababu, kila simu itakuwa inaisumbua seva.

Kijana wenu wa kompyuta akitaka kuhakikisha, kwenye seva aandike asterisk -rx "core show hints". Kila ekstensheni itajitokeza na hali yake, na mwishoni neno Watchers na namba. Kwenye 114 ikiwa 0, hakuna simu inayoifuatilia, tatizo liko upande wa simu. Ikiwa 1 na kuendelea na taa bado imezima, aangalie mtandao katikati.

#16 Zuhura_HR

Niulize jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Hizi taa zinamwonyesha mapokezi kila anayeongea na muda anaokaa kwenye simu. Kwetu ofisini ilileta maneno, mtu anaambiwa "ulikuwa nyekundu dakika arobaini". Je, wafanyakazi wanapaswa kuambiwa?

#17 FundiWaya

Waambiwe, tena kabla ya kuwasha. Taa haionyeshi unaongea na nani wala unasema nini, lakini inaonyesha unaongea, na hilo linatosha mtu mwenye nia mbaya. Mimi huweka taa kwenye simu ya mapokezi na kwa wanaopokeleana simu tu, mfano dawa na maabara. Mkuu wa idara akitaka taa za watu wake wote mezani kwake, namuuliza atazifanyia nini. Mara nyingi hana jibu, na siziweki.

#18 Nuru_Mapokezi

Dada Zuhura umenifungua macho. Nitawaambia kwenye kikao cha Ijumaa.

Kaka FundiWaya, naomba la mwisho. Daktari wa zamu hakai mezani. Yuko wodini, mara chumba cha kushonea, mara nje na gari la wagonjwa. Kitufe chake mara nyingi ni kijani na hayupo. Nafanyaje?

#19 FundiWaya

Hapa ndipo napenda mfumo huu. Usimtafute daktari, iegeshe simu, yeye aifuate.

Kwenye FreePBX maegesho yapo tayari. Unamhamishia mpigaji namba 70, mashine inakutajia nafasi aliyowekwa, kuanzia 71 mpaka 78. Unatangaza kwa spika au unamtuma mtu: daktari, simu yako iko 71. Anainua simu yoyote iliyo karibu, anapiga 71, anaongea na mgonjwa. Tengeneza vitufe viwili vya BLF, Value 71 na 72, Label PAKI 1 na PAKI 2. Kitufe kikiwa chekundu kuna mtu anasubiri. Mwambie kijana wenu ahakikishe taa za maegesho zimeruhusiwa kwenye seva, kwenye ukurasa wa Parking.

Simu isipochukuliwa ndani ya sekunde 45 inarudi kwako yenyewe. Ikirudi, usiiegeshe tena kimya kimya. Ongea na mgonjwa, mpe pole, chukua namba yake.

Na kitufe kimoja kiwe cha usiku. Kwenye seva kuna Call Flow Control, ya kwanza huwa *280. Ipangwe mchana simu zije kwako, usiku ziende wodini. Weka BLF yenye Value *280, Label USIKU. Unapotoka jioni unabonyeza mara moja, kinakuwa chekundu, unaondoka. Asubuhi unabonyeza tena. Ni bora kuliko saa ya kujiendesha, kwa sababu siku ukichelewa kwa daladala simu zinaendelea kwenda kwa mwenye zamu.

#20 Bibi_Karani

Weka na zimamoto, 114, iwe Speed Dial.

#21 FundiWaya

Bibi ahsante kwa kulisema hilo, maana hapa kwa Nuru lina hatari. 114 kwao ni maabara! Moto ukitokea, mtu atapiga 114 kwenye simu ya ofisi atapokelewa na mtaalamu wa maabara. Dada, mwambie kijana wa kompyuta maabara ipewe namba nyingine, na 114 na 112 ziachwe zitoke nje kama zilivyo, bila 9 mbele. Njia ya kutokea aikague kwenye seva, msiwapigie zimamoto kwa majaribio.

#22 Nuru_Mapokezi

Jamani. Miezi miwili hatukuona hilo.

Maabara sasa ni 141. Nimebadilisha Value kwenye kitufe, Label imebaki MAABARA, taa imewaka kijani. PAKI 1 na PAKI 2 zimeanza jana, daktari alichukua simu akiwa wodi ya wazazi, kwa simu ya ukutani. USIKU nimempa na dada wa zamu ya usiku kwenye simu yao, ili nikisahau yeye abonyeze.

#23 Mtandao_Kaskazini

Kazi nzuri. Sasa ingia Settings, halafu Configuration, utoe nakala ya mipangilio yote uihifadhi. Simu ikiungua kwa radi utairudishia kwenye nyingine ya aina hiyo hiyo kwa dakika mbili.

#24 Nuru_Mapokezi

Nimeitoa. Ipo kwenye flashi, ndani ya bahasha pamoja na ile karatasi ya vijistari, kwenye droo yangu ya chini. Mwenzangu wa zamu ya mchana nimemwonyesha ilipo.